Macho hayauzwi duka la spea!

Mpenzi msomaji, wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee habari ya macho. Msinicheke, yamenikuta nyumbani.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na ana kisukari mwaka wa 12 sasa. Siku moja akalalamika kuwa anaona vidoa vyeusi vinaelea kwenye jicho la kushoto, kama inzi. Sisi wajuaji tukamwambia, "Uzee huo Mjomba, nunua miwani." Akanunua ya barabarani. Miezi ikapita, asubuhi moja jicho likawa giza. Na halimuumi hata chembe!

Hospitali daktari akamtia matone ya kupanua mboni, akamulika ndani, kisha akatueleza. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea picha kama filamu ya zile kamera za zamani. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu vimishipa vya damu vya pale. Vinavuja, na vingine vipya vinaota, dhaifu, vinapasuka. Damu ikimwagika ndani, ndiyo lile giza. Ubaya wake, mwanzoni huoni dalili yoyote.

Tiba zipo: mionzi ya leza, sindano ya dawa ndani ya jicho (ndiyo, jichoni! ila wanatia ganzi kwanza) au upasuaji. Lakini kazi yake kubwa ni kuokoa kilichobaki. Retina ikishakufa, hairudi.

Hata wewe kijana usiye na sukari, usijione umepona. Ukiona mimweko kama radi, vidoa vingi vya ghafla, au kama pazia jeusi linafunika upande mmoja, usingoje kesho. Huenda retina inabanduka, na hapo unawahi upasuaji. Wenye miwani mikali ya kuonea mbali na waliowahi kuumia jicho ndio wawe macho zaidi.

Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anasoma namba ya daladala kutoka kituo cha pili. Sukari na presha zishuke.

Jicho la kulia la Mjomba limeokolewa kwa leza. La kushoto linaona kivuli tu. Bado anashona, ila siku hizi uzi kwenye sindano namtungia mimi. Kila nikitunga, nayakumbuka yale maneno yangu: "Nunua miwani."

Haya, tukutane wiki ijayo!