Mashua ufuoni: pima maji kabla ya kununua winchi

MWENYE nyumba ufuoni mwa kisiwa cha Mombasa aanze na maji, si na bei. Bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu, takriban mita 1 tu. Winchi ya nguzo yenye kamba fupi haitaifikisha mashua majini maji yakitoka. Jukwaa la kuelea hufuata maji, ila yakikauka huketi juu ya mwamba na kutoboka.

Majahazi ya Mji wa Kale hayakuhitaji mitambo hiyo: yalipwelewa wakati wa bamvua, yakagadimiwa kwa magogo, yakapakwa deheni. Lakini bamvua huja kila baada ya wiki mbili, na mashua ya kutumiwa kila siku haingoji. Palipo na kina hata maji yakitoka, jukwaa lafaa. Pasipo na kina, reli ya mteremko.