Kampuni inapobisha hodi chuoni

Ofisa uhusiano na makampuni katika chuo kikuu cha umma hufanya kazi mbili zinazovutana. Anatafuta fedha za utafiti kutoka kwa wafanyabiashara, na papo hapo analinda haki ya umma katika matokeo ya utafiti huo.

Ugumu huo ulionekana katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Mwaka 1998 idara moja inayochunguza mimea na vijidudu ilikubaliana na kampuni ya Novartis ya Uswisi kupokea dola milioni 25 kwa miaka 5. Kampuni ilipewa nafasi ya kwanza ya kujadili leseni za takriban theluthi moja ya ugunduzi wa idara, na viti 2 kati ya 5 katika kamati ya utafiti.

Wapo waliofurahia fedha hizo. Wengine walihoji kama mtafiti ataweza kuikosoa mbegu ya anayemlipa. Mkataba ulikwisha mwaka 2003 na haukuongezwa muda. Tathmini ya mwaka 2004 ilishauri chuo kiepuke mikataba inayofunga idara nzima.

Kabla ya sahihi, ofisa anapaswa kuuliza: nani atachagua utafiti? Matokeo yatachapishwa lini? Haki miliki itakuwa ya nani? Majibu yasipoandikwa, mkulima ambaye kodi yake ilijenga maabara anaweza kujikuta dukani, akinunua kwa bei ya kampuni kitu alichokwisha kukilipia.