Pima Sukari Kabla ya Dalili

Kisukari huongezeka kadiri maisha ya mjini yanavyopunguza mwendo na kuongeza vyakula vitamu na vyenye mafuta. Utafiti wa miaka ya 1990 ulibaini ugonjwa huu kwa takribani watu 6 kati ya 100 jijini Dar es Salaam, ilhali vijijini Kilimanjaro hawakufika 2. Mkazi wa Mbeya au Iringa anayepanda bajaji kila aendako na kunywa soda kila siku yumo katika mkondo huohuo.

Kabla ya kisukari huwapo hatua ya kati isiyo na maumivu. Hubainika kwa kipimo tu. Damu ya mshipa ikipimwa maabara asubuhi kabla ya kula, milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ni onyo, 7.0 au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Aliye katika hatua ya kati anaweza kurejea katika hali ya kawaida kwa kutembea, kupunguza uzito na kurekebisha lishe.

Kwa hiyo, usiridhike kuambiwa “iko sawa”. Omba uandikiwe namba yako, uitunze, na uilinganishe na ya kipimo kijacho.