Kumfundisha Mtoto Ufahamu kwa Hadithi

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu msomaji, methali hii yalifaa sana somo la ufahamu, maana mara nyingi jibu halimo katika maneno yenyewe bali limejificha chini yake.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jioni nikitoka shule humsaidia binamu yangu wa miaka tisa. Ana ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu kubadilika umbo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Alikuwa akikosa masomo mara kwa mara, basi shangazi akaamua kumfundisha nyumbani. Mtoto huyu husoma kwa sauti bila kukwama. Lakini ulipomwuliza "kwa nini?" alinyamaza, au alikurudishia sentensi ile ile ya kitabu. Jirani mmoja akaanza kusema ati ni mzito wa kichwa, na mtoto mwenyewe akasikia.

Nilichagua hadithi kwa sababu hadithi haisemi kila kitu. Kifungu kuhusu aina za udongo hukueleza yote waziwazi. Hadithi huacha mapengo, na msomaji huyajaza kwa akili yake.

Chukua ngano ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja. Papa ambeba kima mgongoni kwenda kwao. Katikati ya bahari amwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba moyo ameuacha mtini, basi warudi kuuchukua.

Hapo mimi hufunga kitabu na kuuliza, "Ungekuwa kima, ungefanyaje?" Mtoto akishabashiri, atasoma kwa hamu aone kama amepatia.

Pili, maswali yangu hupanda ngazi. La kwanza jibu lake liko wazi: papa alimpeleka kima wapi? La pili lataka kufikiri: je, kima aliamini kweli kuwa moyo wake uko mtini? La tatu lahusu maisha: rafiki wa kweli hujulikanaje?

Tatu, kila jibu hufuatwa na "Umejuaje?" Lazima aweke kidole mahali palipomwonyesha. Binamu yangu alijibu, "Alidanganya. Alipofika juu ya mti, papa alimwita naye akanyamaza tu." Shangazi, aliyekuwa akipeta mchele, aliweka ungo chini akasikiliza.

Nne, neno gumu asikimbilie kamusi. Asome sentensi ya kabla na ya baada yake, akisie maana, kisha ndipo athibitishe. Mwisho asimulie hadithi yote kwa maneno yake mwenyewe.

Siku maumivu yakimzidi hakuna maswali. Humsomea tu, naye husikiliza akiwa amelala. Hilo nalo ni somo.

Wenzangu, tusidhani haya ni ya watoto tu. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ufahamu una alama 15 na ufupisho 15. Wengi wetu hunakili sentensi nzima tukitumaini jibu limo humo ndani. Tujiulize nasi, "Umejuaje?" Na ukisikia mtoto akiitwa mzito, mpe hadithi kwanza, umwulize, kisha umpe nafasi ya kufikiri.