Usukani wa Gari la Marehemu Baba

Marehemu baba alituachia Volkswagen ya mwaka 1967, ile yenye mgongo wa kobe. Ndiyo aina iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1962, na ya mwisho kabisa iliundwa Mexico mwaka 2003. Ndugu zangu walitaka iuzwe chuma chakavu. Nikakataa, kwani ndiyo iliyomfikisha mama hospitali usiku niliozaliwa mimi.

Ila usukani ulilegea: mkono wazunguka, magurudumu yametulia. Kijana mmoja akaukaza kwa bisibisi, akapokea pesa zake. Jioni hiyo natoka Mtwapa na mama ubavuni, nikakata kona, usukani ukagoma kurudi. Tulinusurika kuvamia kibanda cha madafu. Mama hakunena neno. Alishuka, akapanda matatu.

Nikamwendea fundi mmoja mzee wa Majengo, ambaye sote twamwita Ami.

"Mwanangu," akasema, "mgonjwa aumwa mguu, nanyi mwamkanda kichwa!"

Alianza chini: upepo wa matairi, kisha boljointi za tairodi. Boljointi moja ilikuwa imekwisha, akatia mpya. Ndipo akatoa gurudumu la akiba kwenye buti la mbele, akafungua kifuniko chini yake. Mle mna skrubu ya sanduku la usukani na nati inayoizuia.

Aliyanyosha magurudumu kwanza. Gari, alinieleza, hutembea zaidi njia iliyonyoka, basi meno ya ndani hulika katikati. Akalegeza nati, akairudisha skrubu nyuma, kisha akaizungusha polepole mpaka ilipogusa tu. Akaishika isisogee, akakaza nati.

"Mbona bado wacheza kidogo?" nikauliza.

"Uache. Ukingoni usizidi inchi moja. Ukiumaliza wote, wala chuma."

Tukalijaribu polepole uwanjani. Nilipokata kona na kulegeza mikono, usukani ulirudi wenyewe.

Basi wenye magari ya kale, msikimbilie skrubu. Kamba hukatikia pabovu; pabovu patafutwe kwanza.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama amekwisha keti kiti cha mbele, buibui lake amelikusanya mapajani. "Haya, twende," akasema. "Lakini pole pole."