KIKOMBE CHA KUHARAKISHA UCHUNGU

Je, mama, umewahi kupewa dawa ya miti wakati wa uchungu? Pengine wewe unaishi milimani, Litembo au Maguu. Pengine unaishi ufukweni, Liuli au Mbamba Bay. Usiku uchungu unaanza, unakawia. Bibi anachemsha mizizi, anakuletea kikombe. Anasema, "Kunywa, mjukuu wangu, mtoto atoke upesi." Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Malawi, dawa za namna hiyo huitwa mwanamphepo.

Wako watu wanaosema kwamba dawa hizo ni uongo mtupu. Si kweli. Baadhi ya miti ina nguvu kabisa. Hatari yake iko hapo hapo kwenye nguvu.

Tumbo la uzazi ni mfuko wa misuli. Msuli ni nyama inayojikaza na kulegea, kama ile ya mkono wako unapokamata jembe. Wakati wa uchungu mfuko hujikaza, halafu hulegea, kisha hujikaza tena. Ukijikaza, njia hufunguka na mtoto husukumwa. Ukilegea, damu ya mama hupita vizuri kwenye kondo la nyuma na kumpelekea mtoto hewa. Mfikirie mtu anayeogelea ziwani siku ya upepo. Wimbi humfunika. Likipita, anavuta pumzi. Mawimbi yakifuatana bila nafasi, atazama. Ndivyo ilivyo kwa mtoto, mfuko ukijikaza bila kulegea. Na mfuko wenyewe unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa ili atolewe mtoto. Hapo mama hutoka damu nyingi ndani ya tumbo, mahali ambapo bibi haoni.

Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Norway, Lorents Gran, alifanya kazi nchini Kongo pamoja na Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wakinywa chai ya mmea mdogo uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Hakuwacheka. Aliuchunguza mmea huo, akakuta ndani yake protini ndogo inayokaza tumbo la uzazi. Baadaye wataalamu waligundua kwamba protini hiyo imeungana kama pete, haina ncha. Nayo haiharibiki hata ikichemshwa. Kwa hiyo wale akina mama wa Kongo walikuwa wanajua jambo la kweli.

Basi, kwa nini mkunga wa zahanati anakukataza? Mwili wako wenyewe hutengeneza dawa ya uchungu, inayotoka kwenye ubongo. Jina lake ni oksitosini. Mwaka 1953 wataalamu wa Marekani walifaulu kuitengeneza. Hospitali huitoa kwa dripu, tone kwa tone, huku mkunga akihesabu uchungu na kusikiliza moyo wa mtoto. Ikizidi, dripu hufungwa, na nguvu yake hupungua baada ya dakika chache. Lakini kikombe ulichokwisha kunywa utakifunga namna gani? Na nani alipima? Mzizi wa masika si sawa na mzizi wa kiangazi, na konzi ya bibi huyu si konzi ya bibi yule.

Mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya utafiti kutoka vijiji vya Malawi. Wanawake waliotumia miti shamba wakati wa mimba walipata matatizo zaidi kuliko wale ambao hawakutumia.

Mtoto akishazaliwa, mambo hugeuka. Sasa tunataka mfuko ujikaze sana, ubane mishipa na damu ikome. Hapo mkunga hukupiga sindano ya oksitosini, yuniti 10. Usiikatae. Sindano hiyo hutunzwa mahali pa baridi, kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye kikapu cha bibi.

Uchungu ukikawia, usingoje jua lichomoze mara mbili. Wale mnaotegemea mtumbwi, zungumzeni na mwenye chombo mapema, maana ziwa likichafuka hakuna safari. Ni afadhali kwenda kukaa karibu na hospitali kabla ya siku zenyewe.

Na kama umekwisha kunywa, mwambie mkunga mara ukifika. Usione haya. Mwambie ulikunywa saa ngapi na vikombe vingapi. Mama mkwe afunge kipande cha mzizi ule kwenye karatasi, aje nacho.