Ongeza Mstari, Usifute Neno

Ukikusanya maneno ya wavuvi wa Uvira utaandika ndagala na mukeke. Kigoma, upande wa Tanzania wa ziwa lilelile, samaki hao huitwa dagaa na mgebuka. Tuseme faili ya samaki.txt ina kila kidahizo kwenye mstari wake, na sentensi za mifano chini yake. Tunataka jina la Kigoma lifuate kila kidahizo. Kwenye Linux, amri ya sed huyafanya yote kwa mkupuo mmoja:

sed -e '/^ndagala$/a Kigoma: dagaa' -e '/^mukeke$/a Kigoma: mgebuka' samaki.txt > samaki2.txt

Kila -e hubeba kanuni moja. Kilicho kati ya mikwaju ndicho kinachotafutwa. Herufi a huagiza maandishi yawekwe chini ya mstari uliopatikana. Alama ^ na $ ni mwanzo na mwisho wa mstari: bila hizo, hata sentensi za mifano zenye neno ndagala zingeongezewa.

Nyongeza ikiwa ileile kwa maneno yote, kanuni moja yatosha:

sed -E '/^(ndagala|mukeke)$/a Ziwa: Tanganyika' samaki.txt > samaki3.txt

Kubadilisha ndagala kuwa dagaa ni kazi nyepesi pia, lakini anayeisoma faili kesho hatajua mvuvi wa Uvira alisema nini.